Mwenyekiti wa Kamati ya Maji

Jina lake analo. Limo kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye daftari la kanisa, lakini sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Kijijini kwao kulikuwa na wenyeviti wengi: wa kijiji, wa vitongoji, wa shule, wa parokia, wote wanaume wenye makoti. Ila ukisema "Mwenyekiti" bila kuongeza neno, watu walijua unamsema mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, aliyeongoza kamati ya maji. Nimeambiwa hata marehemu mume wake alimwita hivyohivyo, wakiwa mezani wawili tu.

Mimi nilikuwa ofisa mradi. Ofisi yetu ilikuwa Bomani, mjini Tarime, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila Jumatatu nilivuka Mto Mara kwenda kijijini kwao, upande wa Kenyamonta. Nilikuwa na shahada ya mipango, buti mpya, na andiko la mradi la kurasa sitini na mbili. Ndani yake mlikuwa na lengo kuu moja, malengo mahususi matano, na viashiria ambavyo hata mimi niliyeviandika ilinibidi nivisome mara mbili.

Mwenyekiti alikuwa na lengo moja, na alinieleza siku ya kwanza kabla sijakaa.

"Mwanamke akienda kujifungua pale zahanati asibebe ndoo ya maji. Basi. Mengine yote humo kwenye kitabu chako ni ya kwako."

Zahanati ilikuwa juu mgongoni mwa kilima, na maji yalikuwa bondeni. Nesi hakuweza kumsafisha mama wala mtoto kwa maneno matupu, kwa hiyo kila mjamzito alipanda na ndoo yake ya lita ishirini, akabebewa na wifi kama ana bahati, akabeba mwenyewe kama hana. Mwenyekiti alikuwa amezaa watoto wanne kwenye zahanati ile. Kwa hesabu kamili alizaa watatu na nusu, maana yule wa tatu alianza kutoka njiani, mama yake akiwa bado na ndoo kichwani.

Nilirudi Bomani nikaliandika lengo lake kwenye andiko, ukurasa wa arobaini na moja, chini ya kichwa "Matokeo mengine yasiyo ya moja kwa moja".

Hakuzipenda ratiba zangu. Niliibandika ya kwanza ukutani kwenye ofisi ya kijiji, karatasi kubwa yenye mistari ya rangi, kila kazi na rangi yake, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama mtu aliyetundika picha ya harusi. Mwenyekiti alisimama mbele yake muda mrefu, mkono kiunoni.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Kuchimba mtaro, mama. Wiki sita."

"Kuanzia lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

Akawageukia wajumbe wa kamati, akasema neno kwa Kingoreme, lugha ya kwao. Wakacheka mpaka mzee mmoja akatoka nje kukohoa.

"Umewaambia nini?" nikauliza.

"Nimewaambia ofisa hajatahiriwa."

Huku kwetu hilo si tusi dogo, na kwangu lilikuwa uongo mtupu. Mimi ni Mkurya wa Tarime. Nilitahiriwa asubuhi, hadharani, watu wakiimba, tena mwezi huohuo wa kumi na mbili. Msimu ule hakuna mtu kijijini kwetu aliyeshika jembe. Vijana waliingia jandoni, baba zao walikuwa na wageni, mama zao walikuwa na vyungu. Nilijua. Lakini ratiba niliichorea ofisini, na ofisini mwezi wa kumi na mbili ni mwezi tu, wenye siku thelathini na moja.

Mwenyekiti aliipanga upya kwa mdomo, na mimi nikawa namkimbiza kwa kalamu. Hakuna kuchimba msimu wa tohara. Hakuna kuchimba siku ya mnada, maana hata asiye na ng'ombe wa kuuza huenda kuona nani ameuza. Ulezi ukiiva, siku kumi tunawaacha watu. Kisha akasema, "Na uache siku tano za msiba."

"Nani ana msiba?"

"Bado."

"Sasa tunawekaje siku za msiba ambao haupo?"

Akanitazama kwa huruma. "Ofisa, watu wote hawa, miezi miwili, asife hata mmoja?"

Walikufa wawili. Siku zile tano zilitosha, ikabaki nusu siku.

Nisije nikamfanya malaika. Mwenyekiti alikuwa mwongo wa tarehe. Mtu mzito kuamka alimwambia kazi ni Jumanne, kumbe ni Jumatano. Yule mwenye haraka na kelele alimwambia Alhamisi, ili akifika akute watu wamekwisha kuelewana. Mimi aliniambia tarehe ya kweli mara mbili tu katika miaka mitatu, na mara zote mbili nilichelewa kwa sababu sikumwamini. Ufunguo wa stoo ya majembe aliufunga kwenye pindo la kanga, na hakumpa mtu hata alipougua malaria. Kazi ilisimama siku mbili majembe yakiwa ndani, kamati nzima imekaa nje, hakuna aliyethubutu kwenda kufungua pindo la kanga ya mama mgonjwa. Nilipomweleza habari za kugawana madaraka, somo nililopatia alama nzuri sana chuoni, alisikiliza vizuri, akasema nimesema kweli, akaufunga ufunguo tena.

Halafu kulikuwa na choo chake. Mama aliyewasukuma watu kumaliza madarasa mawili na josho la ng'ombe kabla sijamjua, nyumbani kwake alikuwa na choo kisicho na mlango. Mlangoni lilining'inia gunia la mbolea. Nilipofika mara ya kwanza lilikuwa na mwaka mmoja. Nilipoacha kazi lilikuwa bado lipo, nadhani ni lilelile. Siku moja nikajipa ujasiri wa kumuuliza.

"Hicho hakina kamati," akasema.

Katika mambo yote aliyonifunza bila kukusudia, moja nilijaribu baadaye kulifundisha kwenye semina kana kwamba ni langu. Chuoni tulifundishwa kuwatambua wadau. Unachora duara, unawapanga wenye nguvu na wasio na nguvu, wanaounga mkono na wanaopinga. Mwenyekiti alikuwa na duara moja: anayekataa ni nani? Huyo ndiye aliyeanza naye. "Wanaokubali watangoja," alisema. "Kukubali hakuozi."

Mzee mmoja alikuwa na shamba katikati ya njia ya bomba. Wapimaji walishamhoji, na kwenye fomu kulikuwa na alama ya vema: anaunga mkono mradi. Mimi nilikuwa nimeridhika. Mwenyekiti akasema twende kwake. Tulikaa, tukasalimiana habari za ng'ombe mmoja mmoja, tukanywa uji. Nilipotaka kueleza faida za maji safi alinikanyaga buti chini ya meza. Kisha akamwambia mzee, taratibu kabisa:

"Baba, utatukatalia wapi?"

Mzee akachukua fimbo yake, akainuka, akatupeleka mpaka kwenye mawe manne yaliyokuwa kwenye majani, akasimama hapo. Lilikuwa kaburi la baba yake. Mstari wangu, ulionyooka vizuri sana kwenye ramani, ulipita kifuani mwa marehemu.

"Mbona hukuwaambia wapimaji?" nikamuuliza.

"Waliniuliza kama nataka maji," mzee akasema. "Nani hataki maji?"

Tulipindisha bomba hatua thelathini. Niliandika barua ndefu Bomani kueleza kwa nini mabomba yamepungua, na neno kaburi sikulitumia. Niliandika "marekebisho ya kiufundi".

Lakini aibu yangu kubwa ilikuwa mtaro wenyewe, na hii nitaisimulia vizuri kwa sababu wengine huisimulia vibaya zaidi.

Mfadhili alitoa mabomba, saruji na fundi. Wananchi walitakiwa kuchimba mtaro, kila kaya hatua kumi, kina cha kufika kiunoni. Nikachukua orodha ya kaya, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikabonyeza, kompyuta ikaipanga kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Nikachomeka vigingi vyenye namba kutoka kwenye tenki, lililojengwa kwenye chemchemi ya kilima cha juu zaidi, hadi zahanati. Ilikuwa kazi safi. Niliipiga picha.

Jumatatu moja nilikwama Bomani, na baada ya wiki mbili nilirudi nikakuta mtaro umekaa kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa meno ovyo. Hapa hatua kumi nzuri, kisha ardhi nzima haijaguswa, kisha hatua nane, kisha pengo tena. Maji hayaruki. Bomba lisingeweza kulazwa, na mafundi wa mfadhili walikuwa na mwezi mmoja tu kabla hawajapelekwa wilaya nyingine. Wakiondoka, ndoo zingebaki vichwani kwa mwaka mwingine, au miaka. Nikaandika ripoti: "Mwitikio wa jamii ni hafifu katika baadhi ya maeneo. Uhamasishaji zaidi unahitajika." Nilikuwa nimekwisha kuulizia bei ya kukodi gari la matangazo.

Mwenyekiti akaniambia tutembee. Tukafika pengo la kwanza.

"Hapa ni nani na nani?"

Nikasoma karatasi. "Kumi na nne ni mzee fulani. Kumi na tano ni kaya ya mwanawe."

"Mwanawe yuko wapi?"

"Yuko Nyamongo, kwenye machimbo."

"Kwa hiyo anayechimba ni nani?"

Nikatazama karatasi. Hakukuwa na safu ya hilo. "Mke wake," nikasema, na neno lilipotoka masikio yakaanza kuniwaka.

Mwenyekiti alikaa chini juu ya udongo akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Umemweka mzee shimo moja na mkamwana wake! Tena wameinama! Ofisa, huko Tarime mmeyaacha lini mambo haya?"

"Hatujayaacha, mama."

"Wewe mkeo anachimba na baba yako?"

"Hapana, mama."

"Wanapeana hata mkono?"

"Hapana."

"Sasa?"

Sasa nini? Baba mkwe na mkamwana kwetu huheshimiana kwa kukaa mbali. Mkamwana akimwona mzee njiani hupisha. Mzee akimsikia mkamwana uani hukohoa kwanza, ampe nafasi ya kuondoka. Mke wangu ni mwalimu, ana simu mbili, na bado baba yangu alipoumwa alimpelekea uji kupitia dada yangu. Haya sikuyasoma kwenye kitabu, nimelelewa nayo. Lakini alfabeti iliwakusanya watu wa ukoo mmoja, vijana walikuwa machimboni au na ng'ombe, wake zao wakaja na majembe, na kila mkwe alipoona kipande chake kinamsogeza karibu na mwenzake, akaacha hatua mbili, tatu, tano za heshima. Mwitikio wa jamii haukuwa hafifu hata kidogo. Watu walichimba mpaka mahali adabu iliporuhusu, na hapo wakasimama. Hakuna aliyekuja kuniambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri mtu mzima wa Tarime anahitaji kuambiwa.

Kesho yake asubuhi Mwenyekiti aliwaita wote kwenye mtaro. Hakuwa na karatasi. Aliwashika mabega mmoja mmoja akawasogeza. "Wewe baba, kule juu. Wewe mama fulani, huku. Nyie wawili mbona mmesimama pamoja, si mna kesi ya mpaka? Tengana." Kati ya kila mzee na mkamwana alipanda bibi na mjukuu. Bibi na mjukuu kwetu hutaniana wanavyotaka, haya hawana, na kwa hiyo pengo lolote wanaliziba wao. Kipande cha kwanza kukamilika kilikuwa cha bibi mmoja mkavu kama kuni na binti wa mwanawe, msichana aliyemaliza chuo cha ualimu na alikuwa akingoja ajira. Kelele zao zilifika tenkini.

"Chimba, mke mwenzangu! Mume wetu anataka kuoga!"

"Mwogeshe wewe, bibi, ana kikohozi, mimi simtaki!"

Babu mwenyewe, mume wao wote wawili, alikuwa hatua arobaini kutoka hapo akijifanya hasikii.

Mtaro ulikamilika siku ya nne. Nilimwomba Mwenyekiti anieleze amepangaje, ili niandike. Akaniambia, "Kazi haina shida, mwanangu. Shida ni nani anasimama karibu na nani." Nikasubiri maelezo zaidi. Hayakuja.

Jambo ambalo hakunieleza, na nililigundua kwa kuumia, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mkwe kwenye mradi. Fundi wa bomba alikuwa amemwoa binti yake. Alikuwa kijana hodari aliyejifunza kazi ng'ambo ya Sirari, Kiswahili chake kimechanganyika na cha Wakenya, kila kitu kwake kilikuwa tayari. Mama mkwe na mkwe hawakaribiani, hawatazamani, hawasemeshani hovyo. Mmoja ni mwenyekiti wa kamati, mwingine ni fundi mkuu, na mradi mzima uko kati yao. Au tuseme mimi ndiye niliyekuwa kati yao. Chuoni tulifundishwa kuchora njia za mawasiliano. Nilisoma miaka mitatu, nikaishia kuwa ndiyo njia yenyewe.

"Mwambie fundi kile kiungo hakijakaza," alikuwa akisema Mwenyekiti, akitazama milima.

Fundi akiwa hatua kumi, amegeuka mgongo: "Mwambie mama hii kitu iko sawa."

"Mwambie sijasema iko sawa, nimesema haijakaza."

"Mwambie mama nitaiangalia."

Wote wawili wakasikia kila neno, na mimi nikarudia kila neno, kwa sauti, nikigeuza kichwa huku na huku. Nikijaribu kunyamaza, walinisubiri.

Siku ya wageni ndiyo nusura nimalize uhusiano wangu na Mwenyekiti. Wafadhili walikuwa wanakuja, nami nilitaka mtaro ufukiwe kabla hawajafika, ili picha ziwe nzuri, ardhi imesawazishwa, mkono wa mtu kwenye bomba, mama anatabasamu. Bomba lilikuwa halijajaribiwa kwa presha. Mwenyekiti alisema wazi kwenye kikao: hatufukii kitu ambacho maji hayajapita. Nikaliandika kwenye muhtasari, kisha asubuhi ile nikampigia fundi simu nikamwambia afukie. Nilikuwa Nyamongo njiani na wageni kwenye gari.

Kilichotokea nilisimuliwa na watu kama kumi, na wote wanakubaliana. Mwenyekiti alitoka kanisani akakuta fundi na wenzake wanarudisha udongo. Mimi sipo. Mwingine wa kutuma ujumbe hakuna, wajumbe wote wako kwenye kupamba turubai. Alisimama akiwa amejifunika kanga usoni kama inavyompasa mama mkwe. Pale karibu kulikuwa na mbuzi amefungwa kamba, ameletwa kuchinjwa kwa ajili ya wageni. Mwenyekiti akamgeukia mbuzi.

"Wewe mbuzi!" akamfokea. "Nani amekwambia ufukie hapo?"

Fundi akasimama na koleo hewani.

"Nimesema kwenye kikao hakuna kufukia! Wewe mbuzi ulikuwepo! Ulikaa kwenye benchi la mbele! Unataka maji yapotelee chini ya ardhi, wazazi wapande na ndoo mpaka lini? Na wewe una mke, mbuzi wewe, atazaa wapi?"

Wanasema fundi aliweka koleo chini, akajibu kwa upole, akimtazama mbuzi huyohuyo: "Samahani mama. Ofisa alipiga simu."

"Mwambie ofisa," Mwenyekiti akamwambia mbuzi, "nitamchinja yeye."

Wageni walikuta mtaro wazi. Tukafungua koki mbele yao, na bomba likapasuka kiungo mahali palepale walipokuwa wameanza kufukia, kilekile alichosema hakijakaza. Maji yalimrukia mgeni mmoja kwenye kamera. Fundi alikaza kiungo kwa robo saa. Kingekuwa chini ya ardhi tungekitafuta wiki tatu. Jioni ile maji yalifika zahanati. Mbuzi aliliwa, na kila aliyepewa nyama alimpa pole.

Mwezi uliofuata nilimpelekea Mwenyekiti fomu ya kufunga mradi. Bomba lipo, tenki lipo, koki mbili zahanati, moja nje na moja chumba cha kujifungulia, zote zinatoa. Nilikuwa nimeandika "umekamilika kwa asilimia mia". Ilibaki saini yake.

"Haujaisha," akasema.

"Kitu gani kimebaki, mama?"

"Haujaisha."

Sikumlazimisha, nilidhani ni ukaidi wa mtu ambaye kamati ndiyo maisha yake, naye anaogopa kurudi kwenye choo chenye gunia. Saini ya makamu wake ilitosha kwa Bomani. Shirika likafunga ofisi, mimi nikafungwa nalo, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala na kuendesha semina za kupanga miradi kwa watu wenye ratiba za rangi.

Mwezi wa nane uliopita nilikuwa nakwenda kwenye msiba Ringwani. Njia inapita chini ya kilima kile, nikapanda. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya zahanati, amezeeka, amekonda, fimbo magotini. Ilikuwa siku ya kliniki. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Si mwenyekiti mimi. Wamechagua kijana mwenye simu." Akasogea kidogo nikae. "Umenenepa, ofisa. Wanakulisha wapi?"

Tukaongea habari za watoto, habari za mvua. Koki ya nje ilikuwa hatua tano kutoka tulipo, nikaifungua kwa tamaa ya mwenye mradi. Maji yalitoka vizuri. Nikafunga, nikarudi nikiwa nimejaa sifa, na wakati huo akaja mjamzito anapanda polepole, na nyuma yake wifi yake, ndoo ya lita ishirini kichwani.

Mwenyekiti aliinuka kwa fimbo, akamfuata yule wifi, akamsaidia kutua ndoo kwa upole wote. Kisha akaisukuma kwa mguu. Maji yote yakamwagika kwenye vumbi.

"Bibi! Nimeyabeba toka bondeni!"

"Najua. Chota hapo." Akamwonyesha koki. "Nani alikwambia uje na maji?"

"Imeandikwa!"

Nikaingia ndani kutazama. Ukutani, juu ya meza ya nesi, palikuwa na orodha ya vitu ambavyo mama anatakiwa kuja navyo: kanga mbili, wembe mpya, pamba, na namba saba, ndoo ya maji safi, lita ishirini. Ilikuwa imewekwa kwenye plastiki ngumu isichakae. Chini ilikuwa na nembo ya shirika letu. Niliichapisha mwenyewe, mwaka wa kwanza, kabla ya bomba, kwenye shughuli ya uhamasishaji, nakala moja kwa zahanati na nyingine mia kwa ajili ya nyumbani. Hiyo kazi ilikamilika kwa asilimia mia kweli.

"Tumeiomba ofisi ya wilaya watuletee nyingine," nesi akasema. "Hii ya mfadhili siwezi kuitoa tu."

Nikatoa kalamu nifute namba saba. Wino ukateleza kwenye plastiki. Nesi akanipa plasta ya kufungia vidonda, nikaibandika juu ya maneno yale, nikaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Nikatoka nje.

"Mbona hukuniambia siku ile ya fomu?" nikamuuliza Mwenyekiti.

"Ulikuwa unahesabu koki," akasema. "Nikaona niwaache watu wenye kazi, nikae hapa nihesabu ndoo. Mwanzoni zilikuwa tisa, kumi kwa siku ya kliniki. Ukiwaambia maji yapo, wanasema ndiyo bibi, na wiki ijayo mwenzao anakuja na ndoo. Ukimwaga, anakwenda kuwasimulia kwa hasira, na wanasikia." Akavuta pumzi. "Leo huyo ni wa pili."

"Na ikibaki moja?"

"Moja ni mtu."

Tukakaa. Jua lilipanda. Yule wifi alikuwa anachota kwenye koki, bado ananung'unika, lakini alijaza mpaka juu. Nilitakiwa kuondoka, msiba ulikuwa unaningoja, sikuondoka. Baadaye kidogo kichwa cha mtu kilitokea kwenye mteremko, kisha mabega. Mwenyekiti alikaza macho, akashika fimbo, akaanza kuinuka.

Alikuwa mwanamke mdogo, tumbo limeshuka, peke yake. Alikuwa na mfuko wa nguo begani, mikono yake yote miwili ikiyumba wazi, na kichwani hakuwa na kitu ila kilemba. Alipofika karibu alituamkia, akatazama benchi.

Mwenyekiti alikaa tena. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akanisukuma nami kwa kiwiko niinuke, ili yule mzazi apate mahali pa kukaa.